Naomba ushauri: duara la nusu kipenyo 1 kwenye trigonometria

Habari za jioni wanakikundi. Naomba msaada, hasa kwa walimu wa hesabu mliomo humu. Niko Masasi, mtahiniwa wa kujitegemea. Mchana niko kwenye mizani ya korosho, usiku ndo najisomea, mwalimu sina.

Pembetatu mraba hainisumbui, SOHCAHTOA (kifupi cha kukumbuka kanuni za saini, kosaini na tanjenti) naijua. Nimekwama pale kitabu kinaposema saini ya nyuzi 150 ni 0.5 na kosaini yake ni -0.866. Pembetatu gani hiyo yenye pembe ya 90 na nyingine ya 150? Haifungi!

Nikachukua bikari na karatasi ya grafu, nikapiga duara la nusu kipenyo sentimita 10, hizo 10 nikazihesabu ndiyo 1. Kwa nyuzi 30 nukta iliangukia 8.7 kulia na 5 juu. Kwa 150, juu ni 5 ile ile, ila 8.7 imehamia kushoto. Kwa hiyo naona alama ya kutoa inatokana na upande, sio urefu. Kama nimeelewa vibaya nisahihisheni.

Sasa maswali. Majedwali yanaishia nyuzi 90, hivyo kwa 250 wanatoa 180 wanapata 70. Kwa nini tuhesabu kutoka mhimili wa x, wakati mhimili wa y uko karibu zaidi, nyuzi 20 tu?

La pili, saini na kosaini nazipima kwa rula. Tanjenti je, kwenye duara hilo rula naiweka wapi? Na kwa nini nyuzi 90 kikokotoo kinagoma?