Ditekta ya dhahabu inapiga kelele tu Handeni, niseti vipi ishike chini zaidi?

kijana_wa_pongwe:
Wakuu habari za usiku. Mi nakaa Tanga mjini ila wikendi napanda Handeni kwa shemeji, ana leseni yake ya uchimbaji mdogo huko. Tumenunua ditekta ya mkononi, Garrett AT Gold iliyotumika, aliyetuuzia akaapa kabisa inashika mita moja na nusu. Huku home nikipitisha pete ya wife inalia safi, tukifika kule kwenye udongo mwekundu ni kelele mwanzo mwisho, kila jiwe linaitika. Nikapandisha sensitiviti mpaka mwisho ili ishike chini, nikaweka disc 2, ile ya kuchuja vyuma, nisisumbuliwe na misumari, juzi shemeji na jembe lake katoa punje kama ya muhindi, kina cha vidole vinne tu, palepale nilipopita mara mbili na mashine kimya. Nimechekwa mpaka leo. Nakosea wapi?

fundi_redio:
Mita moja na nusu labda ungekuwa unatafuta pipa la mafuta mkuu 😂 Punje ndogo ya gramu moja hivi kwa mashine hiyo ukiipata shubiri moja chini shukuru Mungu.

Sasa sikiliza, ule udongo wa Handeni ni mwekundu kwa sababu ya chuma, na ukijaza sensitiviti ndo unaisikia ile chuma ya ardhini badala ya dhahabu. Shusha, shusha mpaka itulie, utaona ajabu inashika chini zaidi kuliko ulivyojaza. Toa hiyo disc 2, weka all metal isikie kila aina ya chuma, disc inakula kina na ndo inaweza kuwa imekunyima hiyo punje. Kisha graundi balansi, yaani kuizoesha mashine udongo wa hapo: tafuta sehemu isiyo na vipande vya chuma, shika kitufe huku unainua koili, lile duara la chini, na kuishusha karibu na ardhi, kama unatwanga kwenye kinu, mpaka sauti isibadilike ukipanda wala ukishuka. Na sio mara moja asubuhi basi, udongo ukibadilika rangi unarudia. Vaa hedifoni, acha kisauti cha chini kama mbu, punje ndogo hailii, inakatisha tu hako kasauti kidogo.

bi_mwenye_duara:
Na mwendo mwanangu. Vijana mnapepea koili kama mnafyeka majani, ukifika mwisho wa mkono imeshapanda juu, hapo umetupa kina bure. Iguse ardhi kidogo tu, polepole, kila mstari upande nusu ya ule uliopita. Fungua na kile kifuniko cha chini ya koili ukioshe, mchanga mweusi ukiingia humo nao unalia.

mtu_wa_mombo:
Uzeni hiyo. Kwa udongo ule bila Minelab GPX 5000 mnajichosha, zile za PI, zinazotuma umeme kwa mapigo, hazisumbuliwi sana na chuma ya ardhini.

fundi_redio:
@mtu_wa_mombo kweli kabisa ila bei yake mtu anauza shamba. Ajifunze kwanza na aliyonayo. @kijana_wa_pongwe usitest mjini chini ya waya za umeme na simu mfukoni, utadanganywa. Beba chubwi ndogo ya wavuvi, ile madini ya risasi inaitika karibu sawa na dhahabu, ifukie kulekule Handeni vidole vinne, kisha sita, kisha shubiri, seti mashine mpaka uisikie.

kijana_wa_pongwe:
Asanteni sana, shikamoo bi mkubwa. Vipi kule Amani, si wanasema kulikuwa na rashi, watu kukimbilia dhahabu, Sakale? Tupeleke?

bi_mwenye_duara:
Marahaba. Rashi ya 2003 hiyo, na ile ni hifadhi, watu walitolewa na mito ikabaki matope. Baki kwenye leseni ya shemeji yako.

kijana_wa_pongwe:
Mrejesho wakuu. Nimeshusha sensitiviti karibu nusu, kelele zimekata. Chubwi naisikia vidole sita, shubiri hapana. Dhahabu bado, ila nimetoa misumari 7 na kizibo cha soda, shemeji anasema nimekuwa muokota chuma chakavu.

fundi_redio:
Misumari 7 all metal ni safi, ulikuwa huisikii kabisa hiyo. Ilikuwa kina gani?

kijana_wa_pongwe:
Mmoja karibu shubiri.

fundi_redio:
Basi rudi palepale ulipochekwa, anzia hapo.