Ananiita mshenzi huku ameshika paja la kuku!

Fahali Mzee:
Wakuu, naandika mikono inatetemeka. Mnamjua huyo mtu, simtaji. Yule mtetezi wa wanyama ambaye panzi akikatiza barabara anasimamisha gari ampishe. Tumekaa mezani, nikasema tu michezo ya mafahali ni mila za watu, zina wenyewe. Akanikata: "Huo ni ushenzi." Mshenzi mimi! Na mkononi PAJA LA KUKU. Mafuta yanamchuruzika hadi kiwikoni, ananinyooshea lile paja kama fimbo ya mwalimu.

Nikamwambia, India Mahakama ya Juu ilipiga marufuku jallikattu, ule mchezo wa kudandia nundu ya fahali, mwaka 2014, watu wa jimbo la Tamil Nadu wakafurika barabarani kupinga, jimbo likabadilisha sheria 2017 kuuruhusu, na 2023 mahakama ileile ikaikubali sheria hiyo. Majaji nao washenzi? Unajua alinijibu nini? Alivunja mfupa akafyonza uboho. Fyooo! Hadi sasa naisikia ile fyooo.

Kisu Butu:
Hahaha, huyo namjua! Kwangu aligoma kukalia kochi la ngozi. Namwangalia miguuni, viatu vya ngozi vinang'aa.

Mama Paka:
Mleta mada unaruka mistari. Ile hukumu ya 2014 imeeleza mikia ya mafahali kunyongwa, na mingine kung'atwa. Hiyo nayo ni mila?

Usiku Mrefu:
Subiri kwanza. Kung'atwa na nani?

Mama Paka:
Na watu.

Usiku Mrefu:
Mtu mzima, na meno yake?? Basi mimi niko upande wa fahali.

Nyoya Moja:
Sheria ni sheria na ujanja ni ujanja. Uingereza walikataza kuwinda mbweha kwa mbwa, sheria ya 2004. Wenyewe wakaja na mtindo mpya, eti mbwa wanafuata tu harufu waliyoiburuta wao chini, siyo mbweha. Mbweha akikamatwa, bahati mbaya.

Fahali Mzee:
Mnatoka nje ya mada. Nimeitwa mshenzi na mtu anayefyonza uboho!

Kisu Butu:
Mkuu, sema ukweli. Kilichokuuma ni ushenzi au kunyimwa paja?

Fahali Mzee:
Nilipewa shingo. Lakini hiyo siyo hoja.

Nyoya Moja:
😂😂😂 Kumbe!

Usiku Mrefu:
Nyie mna raha. Jirani yangu ana jogoo anawika saa nane usiku, kila siku ya Mungu. Haki zake nimezisikia, zangu mimi ziko kifungu gani?

Mama Paka:
Jogoo ana nafuu. Wa kwangu anafuga kasuku, kajifunza mlio wa simu yangu. Jana nimetoka bafuni na povu mara tatu.

Fahali Mzee:
Wakuu, turudi kwenye lile paja.

Usiku Mrefu:
Mama Paka, hebu badilisha mlio uone.

Mama Paka:
Nimebadilisha. Kasuku naye kabadilisha.