Salma, hiyo up siyo juu

Kikundi: WANA WA PONGWE
Jumapili, 20:07

Mwanaisha: Asalaam aleikum wana wa Pongwe. Nakumbusha mchango wa mabati ya jiko la Bibi, elfu hamsini kila nyumba. Mvua hizo zinakuja. Waliotuma mpaka sasa ni Kaka Idrisa, Nuru na Bakari.

Mwanaisha: Wengine mnajijua.

Zuhura: Shikamooni wote. Ni Salma, natumia simu ya mama. Mama anasema atatuma kesho asubuhi inshallah. Naomba msaada wa kazi ya Kiingereza, inakusanywa kesho

Zuhura: 📷 Picha

Zuhura: Ni swali la 4. Tutunge sentensi kumi zenye neno UP na zisifanane maana

Bakari: Kumi?? Si up ni juu tu

Zuhura: Nimeandika The bird is up the tree. The cat is up the tree. The book is up the table. Nimeishiwa

Idrisa: Marahaba Salma. Ya tatu ni kosa, kitabu kiko ON the table. Na mbili za mwanzo ni sentensi moja, umebadilisha mnyama tu.

Kassim: 😂😂😂

Idrisa: Tuanze upya. Hiyo up siyo juu. Juu ni ile maana ya darasa la tatu. Mama akikuamsha alfajiri anakwambiaje kwa Kiingereza?

Zuhura: Wake up

Idrisa: Ukibisha?

Zuhura: Shut up 😅

Idrisa: Na ndoo ukiijaza bombani?

Zuhura: Fill up

Idrisa: Haya, kwenye shut up juu iko wapi?

Mwanaisha: Mdomo wa chini unapanda kuufuata wa juu

Idrisa: Mwanaisha, tafadhali.

Kassim: Salma usilidharau hilo neno. Mimi lilininyima bakshishi

Zuhura: Baba mdogo tuambie

Kassim: Ndiyo kwanza naanza kuendesha watalii. Tuko Seronera, ndani ya Serengeti, saa kumi na moja jioni. Nimebeba mama mmoja wa Kiingereza na mumewe, wamesimama na darubini zao, paa la gari liko juu. Nakwenda polepole. Mara yule mama ananigonga begani, Pull up! Pull up!

Kassim: Pull naijua, vuta. Up naijua, juu. Nikasema huyu anataka paa linyanyuliwe. Nikatazama, paa limenyanyuliwa toka asubuhi

Kassim: Nikamjibu kwa heshima zote, Already up, madam. Nikaendelea na safari

Bakari: 😂😂😂 manze

Kassim: Yeye PULL UP, mimi ALREADY UP MADAM. Na gia nikaongeza, nikidhani labda ana haraka

Nuru Leeds: Baba mdogo 😭 pull up ni simamisha gari

Kassim: Nilijuzwa siku hiyohiyo mwanangu. Kulikuwa na chui juu ya mwegea, kalala juu ya tawi, mkia unaning'inia kama kamba ya ndoo. Nilivyorudi rivasi tumekuta tawi

Idrisa: Hiyo pull up ni ya enzi za farasi. Ukivuta hatamu farasi anainua kichwa na kusimama. Farasi wakaondoka barabarani, magari yakarithi neno.

Kassim: Wangeniambia kwamba mimi ni farasi ningeelewa

Nuru Leeds: Ngojeni na mimi niseme yangu, nilikuwa sijamwambia mtu

Nuru Leeds: Wiki ya pili kazini huku Uingereza, nyumba ya kulea wazee. Nesi ananikabidhi zamu haraka haraka, kuhusu bibi mmoja ananiambia She's brought up her breakfast. Mimi nikaandika kwenye ripoti kwamba amepanda nacho kifungua kinywa chake mpaka chumbani

Nuru Leeds: Nikaongeza na "anaendelea vizuri sana"

Bakari: Si alipanda?

Nuru Leeds: Alitapika, Bakari. Na ni bibi wa kiti cha magurudumu. Mchana daktari kaja anasoma ripoti, anamtazama bibi, anatazama ngazi, ananitazama mimi

Kassim: 😂😂😂 Already up, doctor

Mwanaisha: Subiri kwanza. Bring up si kulea mtoto?

Nuru Leeds: Ndiyo shangazi. Ni kulea, ni kutapika, na kwenye kikao ni kuleta hoja. Yote bring up

Bakari: Kwa hivyo I was brought up in Pongwe…

Mwanaisha: Wewe tulikutapika kweli

Zuhura: Bibi anacheka mpaka anakohoa. Namsomea zote

Idrisa: Salma, andika hizo mbili: pull up na bring up. Sasa nikupe ile ambayo walimu wengi huiruka. Mtu akikwambia eat your food, kula chakula chako. Akisema eat up, anataka kuona chini ya sahani. Use ni tumia. Use up ni tumia mpaka pakavu. Tear, chana. Tear up, chanachana isiungike tena. Na time's up, muda umekwisha. Up hapo inamaliza kazi, haipandi popote.

Zuhura: Kwa hiyo Kiswahili chake ni "yote"?

Idrisa: Wakati mwingine. Ila Kiswahili kina njia yake, kinaificha kwenye mkia wa kitenzi. Tupa, kisha tupilia mbali. Potea, kisha potelea mbali. Hiyo mbali haina kilomita hata moja.

Mwanaisha: Kafie mbali 🤣

Idrisa: Nayo. Mfano mzuri kwa bahati mbaya.

Nuru Leeds: Lakini baba, huku nyumba ikiungua ikaisha wanasema burned down. Karatasi ikiungua ikaisha, burned up. Kwa nini moja ishuke nyingine ipande?

Idrisa: Nyumba huporomoka chini, karatasi huruka na moshi. Mwisho wa zote ni majivu. Na slow up ni sawa na slow down, zote ni punguza mwendo.

Kassim: Yaani mtalii akisema slow up na mwenzake slow down wanakubaliana?

Idrisa: Kabisa.

Kassim: Naacha kazi

Idrisa: Usijilaumu. Samuel Johnson alipotoa kamusi yake mwaka 1755 alieleza kwenye dibaji kwamba vitenzi hivi vyenye kijineno nyuma ndivyo vinavyowatesa wageni kuliko kitu kingine. Wewe hukuwa wa kwanza kupitwa na chui.

Bakari: Nimecheki kwa simu. Up hata si bingwa. Kwenye kamusi kubwa ya Oxford ya 1989 set ndiyo ilikuwa na maana nyingi kushinda zote, zaidi ya 400. Saa hii run imeipita, wamehesabu 645 za kitenzi peke yake

Idrisa: Usimtangazie mwalimu wake hayo.

Zuhura: 🎤 0:31

Zuhura: Sauti imekatika. Bibi anauliza hii watsapu nayo ina up ndani, ni up ya kupanda au ya kutapika

Mwanaisha: 😂 Mama jamani

Nuru Leeds: Shikamoo Bibi. Hiyo ni ya salamu. Waingereza na Wamarekani husema what's up, yaani vipi, kuna jipya? Hawa jamaa wawili, Jan Koum na Brian Acton, walipoanzisha programu mwaka 2009 wakacheza na hilo neno, penye up wakabandika app, ile ya kwenye simu

Zuhura: Bibi anasema kumbe miaka yote mnamwambia "nimekutumia picha kwenye Habari Gani"

Bakari: 💀💀

Zuhura: Anasema na nyumba nzima mnashika simu hizo na hakuna anayemwuliza habari gani

Mwanaisha: Hapo katupata

Kassim: Shikamoo mama

Nuru Leeds: Shikamoo Bibi 🙏🏾

Bakari: Shikamoo Nana. Sikupiga juzi juu nilikuwa job mpaka usiku

Idrisa: Bakari, "juu" gani hiyo?

Bakari: Juu ya kwa sababu, mjomba. Nairobi ndivyo tunaongea. Sina doo juu sijalipwa

Idrisa: Darasani ningekukata alama.

Bakari: Na wewe mjomba, ukisema "ni juu yako" umekaa juu ya nani?

Mwanaisha: Eeh jibu hilo mwalimu

Idrisa: Nitajibu. Ni juu yako, na Mwingereza naye anasema it's up to you. Hapo sisi na wao tumepita njia moja bila kuambizana. Mzigo wa uamuzi uko juu ya mtu. Salma, hiyo iandike, ndiyo rahisi kuliko zote.

Zuhura: Sawa. Baba mkubwa, mwalimu wetu pia alisema kuna ya kutenganisha, look up na look it up. Sijaielewa

Idrisa: Ahaa. Hapo ndipo penyewe. Look up the word, litafute neno kwenye kamusi. Unaweza kuihamisha up ikae mwisho: look the word up. Ukitumia it, ni LAZIMA it ikae katikati: look it up. Look up it hakuna.

Idrisa: Sasa look up the tree, tazama huko juu mtini. Hapa up imeshikana na the tree, huwezi kuihamisha. Ukisema look the tree up umebadilisha habari: umemwambia mtu akautafute huo mti kitabuni.

Zuhura: 🤯

Kassim: Hee! Kaka!

Kassim: Yule mama wa chui. Nilipomrudisha pale alikaa kimya kama robo saa. Halafu mumewe akachomoa kitabu cha miti begini akamwambia Let's look it up. Mimi nikainua shingo haraka nitazame juu, nikajua chui karudi

Nuru Leeds: 😭😭😭😭

Kassim: Yeye anafunua kurasa za mwegea, mimi nimetoa kichwa dirishani namtafuta chui

Bakari: Anko wewe ni kamusi inayotembea

Idrisa: Salma, ziandike zote mbili na uweke mti huohuo. Mwalimu akiona mti mmoja una maana mbili atakupa alama hata akiwa na hasira.

Zuhura: Nimeandika She looked up the tree and saw a leopard. She looked the tree up in a book.

Idrisa: Safi sana.

Nuru Leeds: Mpe na ya kitenzi. Mwenye nyumba wangu ame-up kodi tena. They've upped the rent

Idrisa: Hiyo sahihi, hapo up imekuwa kitenzi na imevaa mkia wa wakati uliopita. Na ups and downs ni nomino, imevaa s ya wingi.

Mwanaisha: Pole Nuru. Kodi kila siku upped, haiwi downed

Nuru Leeds: Asante shangazi. Kingine kilichonichanganya ni treni. London iko kusini kwetu, kwenye ramani unashuka, na wenzangu wa hapa wanasema going down to London. Lakini watu wa reli wao njia ya kwenda London ndiyo up line, ya kutoka ndiyo down. Iwe kilima iwe bonde

Idrisa: Kwao juu ni mji mkuu. Vyuo vya zamani navyo hivyohivyo, unakwenda up to Oxford, ukifukuzwa unakuwa sent down.

Mwanaisha: Sisi tunapanda bara tunashuka pwani, angalau mlima upo

Zuhura: Jamani nimehesabu. Ninazo wake up, bring up, pull up, use up, up to you, ile ya paka, miti miwili, na upped. Tisa

Bakari: Weka break up, kila mtu anaijua

Zuhura: Mama amesema hapana

Mwanaisha: 😂😂

Idrisa: Ya kumi nakupa mimi, na ni ya watu wazima. Pay ni lipa. Lakini pay up ni lipa lile unalodaiwa, lote, uliloanza kulikwepa. Humwambii mteja wa dukani pay up kama hajawa na deni. Ndani yake kuna mtu amesimama mlangoni.

Zuhura: The man must pay up. Sawa?

Idrisa: Sawa kabisa. Ila "the man" ni mtu yeyote, weka jina ipate uhai.

Mwanaisha: Naomba kuchangia sentensi

Idrisa: Karibu.

Mwanaisha: Kassim, pay up.

Bakari: 👀

Nuru Leeds: 👀👀

Zuhura: Shangazi naiandika hivyohivyo?

Mwanaisha: Andika mwanangu. Na nukta.

Kassim anaandika…

Kassim: Already up, madam.

Mwanaisha: Nimeangalia salio. Hakuna kilichopanda.