Fundi wa seva na chmod 777 yake, aki nimechoka

Wasee naandika hii na hasira kwa hivyo msinikagulie spelingi. Wikendi tumehamisha data ya ofisi kutoka seva kuukuu hadi mpya, na vile bosi haamini mimi naweza peke yangu (niko hapo miaka minne, sawa tu) akaleta fundi wa nje. Jamaa akachomoa diski ya zamani, akaichomeka kwa seva mpya, akapiga cp -a (amri ya kukopi faili na mwenyewe na ruhusa zake vile zilivyo), Jumapili jioni akasema data yote imefika, akalipwa nusu akaenda zake.

Jumatatu saa tatu dogo wa atachimenti anakuja kwa dawati langu, anaongea pole pole kama mtu ameokota waleti: "Boss, mbona pesilipu za watu zinafunguka kwangu?" Napiga ls -l (amri ya kuonyesha faili ni ya nani), folda nzima ya mishahara mwenyewe ni dogo! Ana wiki tatu pale! Na mama wa uhasibu akijaribu kufungua anaambiwa hana ruhusa.

Linux, mfumo wa hizo seva, haiandiki jina lako kwa faili, inaandika namba, jina liko kwa /etc/passwd, orodha ya akaunti za hiyo mashine. Mama wa uhasibu kwa seva kuukuu alikuwa 1004. Huyu msee kwa seva mpya akatengeneza akaunti akifuata alfabeti kuanzia 1000, na 1004 ikamwangukia dogo. cp -a haina makosa, ilibeba 1004 vile iliikuta. Ni kama caretaker ahamishe watu ploti kwa namba za mlango bila kuuliza nani anakaa wapi.

Nampigia fundi, yuko kwa mat, namsikia makanga akiita Roysambu. "Hiyo ni ndogo, nipe dakika tano." Akafungua laptopu kwa magoti, akaingia, akapiga chmod -R 777 (amri ya kufungulia kila mtu ruhusa zote) kwa /srv yote, folda yenye data yetu. Yote!! Yaani sasa si dogo peke yake, kila mwenye akaunti anasoma, anaandika, anafuta mishahara akitaka. Usiku bekapu ikakataa, ufunguo wa SSH (njia salama ya kuingia mashine ingine) ulikuwa humo ndani na SSH ikikuta ufunguo wa siri uko wazi kwa kila mtu haiutumii. SSH ina akili kumshinda.

Na 777 haina kurudi nyuma. Folda gani ilikuwa 750, faili gani 640 (namba za nani anaruhusiwa nini), imefutika, na watu washaanza kuandika kazi mpya juu yake kwa hivyo kukopi upya pia huwezi.

Kilichoniokoa ni diski ya zamani, nilikataa aende nayo. Nikarudisha namba za akaunti zikawa kama za kwanza, dogo nikampa 1020, halafu nikaingia ndani ya folda ya zamani nikapiga getfacl -R . > /tmp/ruhusa.txt (inaandika orodha ya mwenyewe na ruhusa za kila faili), nikaenda kwa folda ile ile kwa seva mpya nikiwa root (akaunti kuu ya mashine), setfacl --restore=/tmp/ruhusa.txt. Hiyo inarudisha mwenyewe, grupu na ruhusa bila kugusa kilicho ndani ya faili. Faili mpya za Jumatatu hazikuwa kwa orodha, nikazirekebisha moja moja mpaka saa tano usiku, na mimi naishi Rongai, mnajua hiyo saa fare inakuaje.

Na kabla mtu aniambie rsync, ile programu ingine ya kukopi faili: najua. Ikitoka mashine moja hadi ingine inalinganisha majina, lakini upande wa kupokea kama si root kila faili inakuwa ya aliyekopi, na ACL (ruhusa za ziada za mtu au grupu fulani) haibebi mpaka uweke -A. Hata hiyo simwamini nayo.

Leo saa mbili asubuhi meseji imeingia: "Boss, ile balansi?" Na bosi wangu ananiuliza mbona nachelewesha pesa ya kijana wa watu.