Grafu ya vimeng'enya inagoma kupinda, Alhamisi nina kipindi cha vitendo. Naombeni ushauri

Kiazi Mviringo (mleta uzi)
Wakuu habari za jioni. Nafundisha baiolojia kidato cha tano, nje kidogo ya Kigoma mjini. Alhamisi wanafunzi wanafanya jaribio la ukolezi wa sabstreti na kasi ya kimeng'enya. Kimeng'enya (protini inayoharakisha mmenyuko) ni katalesi ya kiazi mviringo, sabstreti (kitu inachokivunja) ni haidrojeni peroksaidi, inayogeuka maji na oksijeni. Kitabuni grafu inapanda, inalegea, kisha inalala. Yangu inapanda moja kwa moja hadi mwisho wa karatasi. Nimebadilisha viazi, nimebadilisha chupa ya peroksaidi, wapi. Msaada wa haraka tafadhali, mkuu wa shule ataingia darasani siku hiyo.

Mgebuka Mkavu
Peroksaidi yako imechoka. Ikikaa juani inajivunja yenyewe taratibu na kubaki maji. Tafuta iliyo kwenye chupa isiyopitisha mwanga, iweke penye ubaridi, na ukishamimina usirudishe mabaki chupani. Punje ya kiazi au kutu kidogo inatosha kuimaliza yote.

Mama Vipimo
Mgebuka, iliyochoka ingepunguza hewa kwenye vipimo vyote, isingenyoosha grafu. Mwalimu, unapima nini hasa, na sekunde ya ngapi?

Kiazi Mviringo
Napima oksijeni dada, kama kawaida. Inaingia kwenye silinda ya ml 100 niliyoipindua ndani ya beseni la maji. Hapo hakuna shida. Wasiwasi wangu ni viazi. Nikitumia ini la ng'ombe itapinda?

Ngoja Waje
Nyama imepanda bei, halafu mtu anataka kulisha grafu ini. Nimekaa pale, endeleeni.

Asali ya Miombo
Huku Tabora mfano tunao ndani ya asali. Iliyoiva ina maji chini ya asilimia 20, sukari imejaa tele, na nyuki wametia kimeng'enya cha glukosi oksidesi. Lakini ikiwa nzito hivyo kimeng'enya karibu kimelala. Ukiizimua kwa maji ndipo kinaamka na kuanza kutengeneza peroksaidi hiyohiyo ya mleta uzi. Kwa hiyo msidhani sabstreti ikiwa nyingi basi kasi lazima iwe kubwa.

Mama Vipimo
Asali ni nzuri lakini siyo swali lake. Mwalimu, nimekuuliza sekunde ya ngapi. Weka namba zote hapa pamoja na ujazo.

Kiazi Mviringo
Haya. Kila mara ml 6 za peroksaidi iliyozimuliwa, kiazi gramu 5 nilichokatakata.
1%: ml 23
2%: ml 46
3%: ml 70
4%: ml 93
6%: ml 140
Nasoma vipovu vikishakoma, maana hapo ndipo namba inatulia. Na msiniletee habari za saa. Makundi ni mengi, wakisoma katikati kila kundi linakuja na lake. Halafu jedwali nimeshaliandika ubaoni. Nilikuwa nafikiria 4% niweke 75 na 6% niweke 76, ipinde, tuendelee na mada nyingine. Mtihani unataka umbo la grafu tu.

Mama Vipimo
Ndiyo hilo ulilokuwa unalificha. Vipovu vikikoma, peroksaidi imekwisha. Unachosoma hapo ni kiasi cha peroksaidi ulichotia, wala si kasi. Ukitia mara mbili, hewa inatoka mara mbili, mstari unanyooka, na utanyooka hata ukitumia ini. Chukulia makuli kumi wa bandarini: ukihesabu magunia ghalani jioni, meli yenye mzigo mkubwa daima itakuwa na magunia mengi. Hesabu magunia ya dakika ya kwanza. Hapo utaona mzigo ukishazidi makuli, wote wana gunia begani na idadi haipandi tena. Katalesi nayo ina sehemu zake za kushikia sabstreti. Zikishajaa zote, kuongeza peroksaidi hakuongezi kasi.

Mgebuka Mkavu
Nilisema ni peroksaidi.

Mama Vipimo
Hukusema hivyo.

Fundi Bureti
Wakuu, mnakunywa chai bila kujua. Silinda ya ml 100 imesomaje ml 140? Tupige hesabu. Peroksaidi ya 6% inaitwa volyumu 20, yaani ml 1 hutoa ml 20 hivi za oksijeni kwenye nyuzi 0 na kanieneo ya usawa wa bahari. Kigoma iko mita zaidi ya 770 juu ya bahari na joto lake mnalijua, kwa hiyo hapo ni karibu ml 24. Zidisha kwa 6, unapata 143. Yaani jamaa hakupoteza hewa kupitia kizibo wala wakati wa kutumbukiza kiazi? Tena 6% ina tabia ya kukiharibu kimeng'enya kabla kazi haijaisha. Hizi namba zimepikwa. Sidhani kama kuna darasa.

Ngoja Waje
Leta picha ya beseni mwalimu.

Mtu wa Ujiji
Ndiyo maana vijana wanafika vyuoni hawajui kushika bomba la sindano. Mwalimu akipika namba, mwanafunzi atapika cheti.

Kiazi Mviringo
Darasa lipo. Nne za kwanza nimepima. Ya 6% hewa ilipita mwisho wa silinda, nikaweka rula kwenye grafu nikaendeleza mstari. Kosa liko wapi, si mstari ulikuwa umenyooka?

Fundi Bureti
Kosa ni kwamba unaendeleza kwa rula mstari ambao uzi mzima unalalamika haupindi.

Haya, tufanye darasa lipo. Acha kiazi, vipande havilingani na katalesi nyingi imefungiwa ndani. Chukua hamira kavu gramu 1, koroga kwenye ml 100 za maji ya vuguvugu, acha dakika 10. Koroga tena kila unapochota, inatuama. Kila jaribio liwe na jumla ya ml 6: peroksaidi ya 6%, maji, na ml 1 ya hamira, hiyo iingie mwisho. Kwa jumla hiyo ml za peroksaidi ndiyo asilimia yenyewe. Ml 0.5 na maji 4.5 ni 0.5%. Ml 1 na maji 4 ni 1%. Ml 2 na maji 3 ni 2%. Ml 3 na maji 2 ni 3%. Usivuke hapo. Soma hewa kila sekunde 5 hadi 30, na kasi ichukue pale mwanzoni ambapo mstari bado umenyooka. Hata watafiti Leonor Michaelis na Maud Menten, Berlin mwaka 1913, walitumia kasi ya mwanzo kwa invertesi ya hamira, kimeng'enya kinachovunja sukari.

Mama Vipimo
Naongeza. Kwa 0.5% hewa yote haifiki hata ml 12, silinda ya ml 100 haitakuonyesha kitu. Tumia bomba la sindano la ml 20, kile kijiti cha kusukuma ukilainishe kiteleze. Hewa ikitoka haraka mno, punguza hamira, usiguse peroksaidi. Na 6% achana nayo. Mmenyuko huu unatoa joto: 3% ikivunjika yote bila joto kupotea inapanda nyuzi kama 20, 6% inapanda kama 40. Hapo utakuwa umebadilisha ukolezi na jotoridi kwa pamoja, na grafu ikilala hutajua imelazwa na nini.

Kiazi Mviringo
Mabomba ya sindano ninayo manne tu. Nikifanya mimi mbele na wao wakasoma saa?

Mama Vipimo
Inatosha. Rudia kila ukolezi mara tatu. Na futa ubao.

Kiazi Mviringo
Zile nne za juu naziacha lakini. Zimepimwa.

Fundi Bureti
Ziache, badilisha kichwa cha safu. Uliandika "kasi", andika "jumla ya oksijeni".