Yule jamaa wa vitanda vya kuunga kanidhalilisha leo mbele ya mama mkwe

Wakuu habari zenu. Zangu mbaya.

Simtaji. Mods wa humu wana mkono mwepesi wa kufuta nyuzi, na hata hivyo mnamjua. Yule wa video, kila jioni anarukaruka juu ya godoro na soksi nyeupe anasema "hiki ni chuma bosi wangu". Huyohuyo. Nusu ya jukwaa hili mmelalia mizigo yake muda huu, na kama kwenu kuna utulivu basi hakuna aliyegeuka.

Kitanda 5 kwa 6. Kimekuja kwenye boksi, vipande vipande, na kimfuko cha bolti na kale kaspana kembamba kaliyopinda. Karatasi ya maelekezo ni Kichina kitupu na mchoro wa mtu asiye na pua anatabasamu. Nikakiunga, kikasimama. Usiku nikageuka tu, nasema NIKAGEUKA, natafuta upande wa shuka wenye ubaridi, kikalia kiiiyooo. Mbwa wa jirani akaitika. Nikikohoa kinalia. Mke wangu akiwaza kinalia. Bodaboda ikipita barabarani nacho kinachangia.

Sasa leo. Nimekitoa sebuleni maana chumbani hakuna pa kuinamia. Nimelala chini yake, mikono imejaa grisi, simu iko sakafuni kwenye spika. Mama mkwe kaja kutoka Tanga, yuko kwenye kochi anachambua mchele. Nikampigia jamaa kwa adabu zote: kaka, kitanda kinalia, nifanyeje?

Akajibu: "Bosi wangu, kitanda hicho hakina shida. Nyie punguzeni kasi."

PUNGUZENI KASI.

Wakuu, mama mkwe. Mkono umeganda kwenye ungo. Nikasema labda hajanielewa, nikamwambia kinalia hata mtu akikaa kufunga viatu. Akacheka! "Wote mnasemaga hivyo bosi." Akakata. Mama akanyanyuka na ungo wake, mchele nusu bado una mawe, akaingia jikoni. Huko nikamsikia anamuuliza binti yake kwa sauti ya chini kama anapata muda wa kupumzika.

Punguzeni kasi! Mimi nafika Mbagala saa 3 usiku, nimesimama kwenye daladala kwa mguu mmoja, hiyo kasi naitoa wapi? Najua kuna TBS, najua kuna Tume ya Ushindani, ila fomu gani ina sehemu ya kujaza "kaambiwa apunguze kasi, mkwe yupo"?

Chakula cha usiku kiko mezani na mimi natakiwa kukaa naye uso kwa uso. Huyu mtu ashughulikiwe.

Siti ya Mbele
Nimekaa paleee 😂😂

Binti Chumbageni
Sisi watu wa Tanga tunajua kunyamaza. Ila mama akifika nyumbani hiyo stori inaanzia stendi.

Kipara Ngoto
Mkuu umeandika yote, hujasema kama mmepunguza.

Mpangaji wa Chini
Mimi nakaa chini ya mtu mwenye kitanda cha huyohuyo jamaa. Nipe namba nimpigie, mie ndo wa kulalamika hapa. Juzi dari limeniangushia chokaa kwenye chai.

Randa na Msumeno
Tucheke ila tumsaidie. Kitanda hakilii bure, kuna vitu viwili vinasuguana. Toa godoro, bonyeza kona moja moja huku mwenzio ameweka sikio. Mara nyingi ni chaga zinasugua ubavu. Kata vipande vya tyubu ya baiskeli, laza kila chaga inapokalia. Pale mbao inapogusana na mbao, sugulia mshumaa mkavu. Bolti zote tia washa, na usikaze moja mpaka mwisho: shikiza zote, kisimame kwenye sakafu iliyonyooka, ndo ukaze kwa zamu. Tundu la MDF, yaani hizo mbao za unga wa mbao na gundi, likishalegea usilazimishe, jaza njiti za kiberiti na gundi ya mbao, acha ikauke. Na hiyo grisi futa, inashika vumbi tu na itachafua shuka.

Mleta Uzi
Mkuu shukrani, ila sijaja kuuliza tyubu. Nimeambiwa PUNGUZENI KASI kwenye spika.

Randa na Msumeno
Na tyubu utaweka ukiwa umepunguza.

Mzee wa Mninga
Vijana mmezidi kupenda maboksi. Ungeenda Keko, ukachongewa cha mninga, wajukuu wangekirithi. Mbao za kubandikwa na gundi unalalia ukitegemea nini?

Kipara Ngoto
Mzee mninga wa siku hizi ni mkaratusi uliopakwa rangi. Mimi nilichongewa "mninga" hukohuko, mvua moja tu ukaanza kuvua ngozi.

Mzee wa Mninga
Hukuwa na macho. Mninga unanusa, unapima uzito, unakwangua kwa kisu.

Mama Salha
Bora nyie mna vitanda. Mimi fundi wa sofa kanifungia ndani mabaki ya godoro la zamani, nimekuja kugundua paka alipochana pembeni, kikatoka kipande cha kanga na maandishi yake. Nikampigia, anasema hiyo ni zawadi ya mteja.

Siti ya Mbele
Kanga inasemaje?

Mama Salha
"Mtalijua jiji."

Siti ya Mbele
😂😂😂 Naomba huu uzi usifutwe

Mleta Uzi
Jamani turudi kwenye mada. Mama mkwe ameomba alale na mke wangu, mimi nimepewa mkeka. Huyu jamaa wa vitanda tunamfanyaje?

Mpangaji wa Chini
Mkeka haulii, shukuru. Mimi sasa hivi huyo wa juu kawasha pasi na LUKU ni moja nyumba nzima. Tunachanga sawa, mie nina taa mbili na redio.

Binti Chumbageni
LUKU ya kuchangia ni laana. Kwetu kuna mwenye friji anauza barafu, akidaiwa anasema friji haili umeme ikishapoa.

Kipara Ngoto
Mwenye friji popote alipo ajitokeze ajieleze.

Mama Salha
Mwenye friji ni mimi. Na umeme nilinunua mwenyewe Jumamosi, mkautumia kuangalia mpira.

Binti Chumbageni
Mama Salha wewe unakaa wapi?