Tupeane uzoefu: siku uliyojishtukia mwenyewe

Kuchele Kweupe
Wakuu, habari za jioni. Leo nimebangua korosho kidogo za kula nyumbani, nimeungua vidole viwili. Wa kwetu mnayajua yale mafuta ya ganda, hayana msamaha, ngozi inachubuka wiki nzima. Nikamkumbuka bibi yangu, Newala. Anapaka majivu mikononi, anagonga, haongei. Mimi mtoto nagonga huku nawaza mpira, ananiuliza tu, "Uko wapi?" Namjibu nipo hapa bibi. Anasema, "Hapa upo mkono."

Leo nimeungua kwa sababu nilikuwa nagombana kichwani na bosi wangu. Yeye yuko zake Dar, kalala. Hivi nanyi mlishajikamata hivyo, mwili upo na mwenyewe haupo? Tupeane uzoefu.

Bi Shangani
Mimi kila nikiswali. Rakaa ya tatu nipo sokoni napanga bei ya samaki. Mungu anisamehe.

Mzee wa Kivuko
Nyie vijana mnaona jambo jipya. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003 ulikuwa unafika Rufiji, unakuta foleni ya kivuko, unalala hapo. Hakuna simu. Ukishamaliza stori zako zote na za jirani, unabaki na nafsi yako. Tulijitambua bila kupenda.

Salfa Mifuko Miwili
Mzee umenitonesha. Yangu ndefu, mnivumilie.

Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya. Nipo kwenye basi natoka Dar kwenda Nyangao, mjomba yuko hoi. Tunafika Somanga tunaambiwa barabara imekatwa na maji, hakuna kwenda mbele. Usiku simu ikaita: mjomba amefariki, anazikwa kesho baada ya adhuhuri. Nikauliza, hamwezi kunisubiri? Wakasema hapana, na wewe umekwama, tutakuwakilisha.

Nikakata simu, nikasikia mdomo wangu unasema "Alhamdulillah." Kwa sauti. Mama mmoja wa kiti cha pili akageuka, "Umesema nini baba?" Nikamwambia nimefiwa. Akaniangalia tu.

Jamani, nilikuwa nimefurahi kuchelewa maziko ya mjomba wangu. Aliyenilea. Nyie wa kusini hamhitaji kuelezwa mjomba ni nani.

Sababu hii hapa. Msimu uliopita korosho zake zilipimwa kwenye chama cha ushirika kwa jina langu, kwa kuwa yeye hakuwa na akaunti. Hela ikaingia kwangu, milioni moja na laki nne. Nikampelekea laki tisa nikamwambia makato yamekuwa mengi mwaka huu. Akasema, "Haya mwanangu, makato ndiyo yalivyo." Basi. Miezi yote ile nilikuwa na majibu tayari: nilimsomeshea mtoto, nilimnunulia dawa, nauli zangu nani alilipa? Usiku ule Somanga, simu imezima chaji, vyura wanapiga kelele kila upande, nikayarudia majibu yangu yote moja moja. Nikiyasema polepole hayakusimama. Hakuna aliyenishtaki, lakini nilikuwa najitetea tangu Novemba.

Asubuhi yule mama akaninunulia mhogo na kipande cha samaki. Sikuweza kumtazama.

Siku ya arobaini nikamwita mke wa mjomba pembeni, nikamwambia yote. Hakushtuka. Akasema, "Alijua. Karatasi ya mizani aliiona." Nikaanza kulia. Akasubiri nimalize, akauliza, "Sasa lini?"

Dada wa Mikindani
😭😭 "Sasa lini?" Mama huyo apewe mji wa Mtwara wote.

Hakimu Asiyelipwa
Tusidanganyane. Hiyo siyo kujitambua, ni dhuluma. Umemwibia mgonjwa, halafu unatuletea vyura.

Bi Shangani
Mwanangu, na wewe ukiwekwa hapa uzi wako utatosha kurasa ngapi?

Hakimu Asiyelipwa
Bi mkubwa mimi sijala hela ya mtu.

Kuchele Kweupe
Mada ni uzoefu wakuu, tusihukumiane.

Mtaalamu wa Pumzi
Kaka Salfa, pole. Ungejifunza kukaa kimya dakika kumi kila siku, unaifuata pumzi inavyoingia na kutoka, usingefika huko. Wazo likija unaliona, unaliacha lipite.

Ustadh wa Ligula
Hayo ya kufuata pumzi mnayatoa kwa Wahindi wakati muhasaba tunao. Kabla ya kulala jihesabu: leo nimemkosea nani. Kwisha.

Mtaalamu wa Pumzi
Ustadh, yote mawili ni kukaa na kujiangalia. Unanigombezea nini?

Ustadh wa Ligula
Sigombi. Nafundisha.

Dada wa Mikindani
Kwa kweli hata unyagoni kungwi alituambia kitu kuhusu mtu kujisikiliza kabla ya kujibu, alitukalisha

Bi Shangani
Ya unyagoni hayaandikwi humu. Futa.

Dada wa Mikindani
Samahani bi.

Fundi Baiskeli
Mimi nilimfungulia mke wangu moyo wote kwa sababu ya nyuzi kama hizi. Nipo kwa kaka yangu wiki ya tatu. Uwazi una kipimo jamani.

Mzee wa Kivuko
Ulimfungulia moyo au ulimfungulia simu?

Fundi Baiskeli
Mzee acha.

Pwani Tupu
Ushauri wangu: alfajiri maji yakiwa yametoka nenda ufukweni, kaa peke yako, acha simu nyumbani.

Hakimu Asiyelipwa
Ukae ufukweni peke yako gizani, watu waseme unaroga.

Pwani Tupu
Basi nenda Msimbati, huko hawakujui.

Dada wa Mikindani
Kaka Salfa, zile laki tano umelipa? Tumekaa hapa tunasubiri.

Salfa Mifuko Miwili
Nne na nusu. Hamsini iliyobaki aliniambia ninunue salfa, ile dawa ya mikorosho, kwa shamba la marehemu, nipulizie mwenyewe kwa mkono wangu. Ndiyo maana ya jina.

Kuchele Kweupe
Na risiti ya salfa ulimpelekea?

Salfa Mifuko Miwili
Aliidai kabla sijashuka kwenye bodaboda.